Kabla Hujaandika Babu wa Mtu

Juzi kijana mmoja wa shule alinifuata hapa Makole. Akaniamkia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akatoa karatasi. "Babu," akasema, "nataka kuandika ukoo wetu. Tulitoka wapi?" Nikamwuliza, "Unataka ukweli au unataka sifa?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Vyote viwili, babu." Nikacheka mpaka nikakohoa. Hajazaliwa mtu anayetafuta ukoo kwa hamu ya kukuta babu yake alikuwa mwizi wa mbuzi. Kijana huyo nilimweleza kwa mdomo, na nyinyi wenzake nawaandikia, kwa sababu naona mmeshika kalamu kwa pupa na mnataka kuandika kila mnachoambiwa.

Mimi nilikuwa mkalimani wa baraza enzi za Wadachi, hao mnaowaita Wajerumani. Ni Mrangi wa Kolo, huko Kondoa, nimesoma chuo cha Kurani kwetu, nikaandika kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kizungu. Kazi yangu iliitwa ukalimani, lakini siku nyingi ilikuwa kufuata nasaba za watu. Waliokuja barazani hawakugombania maneno ya Kizungu. Waligombania nani mwana wa nani, kwa kuwa hapo ndipo panapojulikana nani atarithi, nani atamzika mzee, na nani hawezi kumwoa nani. Bwana shauri, yule Mdachi aliyekata kesi, alikuwa akisikiliza huku amekunja uso, halafu ananigeukia: "Haya, ukweli ni upi?" Kana kwamba ukweli nauweka mfukoni pamoja na tumbaku.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salimu, mkalimani wa zamani kuliko mimi, mtu wa pwani mwenye ulimi mkali na miguu mibovu. Kwa sababu ya miguu hiyo nilitembea mimi, yeye akafikiri. Mwanzoni nilikuwa nikirudi kutoka vijijini nimejaa hadithi. Siku moja nilimletea habari nzito ya ukoo fulani uliotoka Uhehe, ukiongozwa na mwindaji aliyeua simba kwa rungu. Mzee Salimu akanisikiliza, akaniuliza kama nimekwenda na kwa ndugu zao wa upande wa pili wa korongo. Sikuwa nimekwenda. Nikaenda. Huko mwindaji ni yuleyule na rungu ni lilelile, ila simba wamekuwa wawili na mzee alitoka Unyamwezi. Nilirudi nimenuna. Mzee Salimu alicheka mpaka akashika magoti yake, akasema, "Hadithi ya ukoo haisemi uongo, mwanangu. Inanenepa. Kazi yako ni kuikondesha, si kuichinja."

Basi hilo ni la kwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kila nyumba imejiwambia ngoma yake. La pili ni gumu zaidi, na vijana wengi hulikataa: kitabu nacho kinanenepa. Mzee Salimu alikuwa na neno lake kuhusu vitabu vya serikali. Alisema usikiulize kitabu kimeandika nini, kiulize nani alikuwa anajibu siku kilipoandikwa. Mimi niliitikia ndiyo, ndiyo, kama mnavyoitikia nyinyi sasa, wala sikuelewa. Nilikuja kuelewa upande wa Mvumi, katika shauri la Ndahani na Nyemo.

Ndahani alikuwa kijana wa Kigogo, mrefu, mpole, amebatizwa. Nyemo alikuwa binti wa jirani, naye amebatizwa, lakini mpole hakuwa. Walipendana, wazazi wakakubaliana, mahari ikaanza kwenda. Padri akatangaza ndoa yao kanisani, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Akasimama Mzee Mlewa, baba mkubwa wa Nyemo, mtu mzito anayesikilizwa na watu. Akasema, "Ndoa hii haiwezekani. Hawa watoto ni ndugu. Babu yao ni mmoja, ni baba yangu Masinga."

Baba yake Ndahani akaruka, akasema baba yake yeye alikuwa Chibago, wala hana undugu na Masinga zaidi ya kuazimana majembe. Mlewa akatulia. Akaeleza kwamba katika ile njaa ya zamani, kabla familia hizi hazijahamia huku, Chibago alikuwa kijana asiye na mtu, na Masinga akamwokota, akamlisha, akamfanya mwanawe. Kwa Wagogo mtu akishafanywa mwana ni mwana. Damu haiulizwi tena, na wajukuu wake hawaoani na wajukuu wa aliyemlea. Wakioana ni balaa, mvua inaweza kukataa. "Baba aliniambia mwenyewe," akasema Mlewa. "Na lisemwalo lipo. Kama hamniamini mimi, kaulizeni kitabu cha kodi cha boma."

Padri akaandika kwenda boma. Kitabu kikafunuliwa, nami ndiye niliyekifunua. Mlewa hakudanganya. Wadachi walipoanza kodi ya nyumba, karani alipita tembe kwa tembe akiandika mwenyewe ni nani, na ile tembe alimozaliwa Ndahani imeandikwa ya Masinga. Tembe ya Nyemo nayo ni ya Masinga. Mzee mmoja, tembe mbili, wajukuu huku na huku. Masinga na Chibago wote walikuwa wamekwisha kufa, na wazee walioiona njaa ile hawakubaki. Kwa hiyo hadithi ya Mlewa ilikuwa na kitabu nyuma yake, na hadithi ya baba yake Ndahani ilikuwa na mdomo wake mwenyewe tu.

Bwana shauri alitaka kumaliza hapohapo. "Imeandikwa," akasema, na kwake neno hilo lilikuwa sawa na amina. Nikamwomba aniruhusu nitangulie Mvumi kabla yeye hajafika kwenye ziara yake, nikaulize. Akanikubalia kwa kuwa farasi wake alikuwa anachechemea na safari ilikuwa imeahirishwa.

Nilipofika, wa kwanza kunijia si mzee yeyote, alikuwa Nyemo. Alinikuta nafungua mzigo wangu nyumbani kwa jumbe. Akapiga magoti akaniamkia, halafu akasimama akanitazama usoni.

"Karani, wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Kitabu ni cha serikali, binti. Mimi nakibeba tu."

"Basi kibebe vizuri. Nimeambiwa nimwite kaka mtu niliyekuwa nimwite mume wangu. Kama ni kaka yangu kweli, niambie, nikalie nimalize. Kama si kaka yangu, niambie vilevile, nianze kugombana."

Nawaambia kweli, nilimpenda binti yule kama ningempenda mwanangu wa kumzaa. Nikamwambia asianze kulia wala kugombana, anipe nafasi.

Sasa sikilizeni namna ya kazi. Ukitaka kujua kama mtu alifanywa mwana wa ukoo fulani, usiulize. Ukiuliza, watakujibu wanachotaka. Kula nao. Kila ukoo wa Wagogo una mwiko wake wa chakula, na mtu akiingizwa katika ukoo anaingia na mwiko wake, yeye na watoto wake na wajukuu. Kwa bahati jumbe alikuwa ameletewa nyama ya punda milia na wawindaji. Nikamwomba awaalike wote, wa Mlewa na wa baba yake Ndahani, eti nataka kuwaamkia wakiwa pamoja. Mimi Mwislamu sikugusa nyama ile, kwa hiyo macho yangu yalikuwa na kazi moja tu. Mlewa na ndugu zake wote walisogeza sinia pembeni kama lina moto. Kwao punda milia haliwi. Baba yake Ndahani akala, akalamba vidole, akauliza kama imebaki.

Nilifurahi, lakini sikucheza ngoma. Mlewa angeweza kusema vijana wa siku hizi wameacha miko kwa sababu ya misheni. Nyama ilinionyesha njia tu, haikunifikisha. Kitabu kilikuwa bado kimesimama pale pale na wino wake, na ndipo neno la Mzee Salimu likanirudia. Nani alikuwa anajibu?

Nikaanza kuwauliza wanaume, mmoja mmoja, walikuwa wapi siku karani wa kodi alipopita mara ya kwanza. Wakaanza kutazama chini na kucheka. Nyinyi hamkuuona wakati ule. Habari zilikuja kwamba askari wanakuja na karani anahesabu nyumba, na kila mwanamume mwenye miguu mizima akachukua ng'ombe akaingia porini. Mlewa mwenyewe, pamoja na uzito wake wote, alilala juu ya kichuguu. Baba yake Ndahani alikwenda mbali zaidi, na mzee Chibago akakokotwa naye. Tembe zikabaki na wanawake na watoto. Kwa Masinga alikuwepo mkewe, akajibu vizuri kabisa. Kwa Chibago alikuwepo mtu mmoja tu mzima, mkazamwana wa nyumba ile, mama yake Ndahani.

Nilipolisikia hilo nilikaa chini. Hata kwetu Kondoa heshima ya mkwe ipo, lakini kwa Wagogo wale ilikuwa kubwa. Mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina, awe hai awe amekufa, awe mbele ya mtemi au mbele ya bunduki.

Nikaenda kwa mama yake Ndahani. Nilimkuta anatwanga, mwanamke mwembamba mwenye mvi za kuanza, na tangu siku ile ya kanisani alikuwa hali vizuri wala hasemi na mtu. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama," akaitikia. Nikamwambia sikuja kumgombeza, ila nataka kujua yule karani wa kodi alimwuliza nini. Akaweka mchi chini.

"Aliniuliza tembe ya nani," akasema. "Nikamwambia ya mzee. Akasema mzee gani, taja jina. Nikamwambia siwezi. Askari akapiga kitako cha bunduki chini. Mtoto akalia. Mwanangu, ningesemaje? Nikataja la mzee wa jirani, waondoke."

"Mbona hukumwambia mumeo?"

"Nimwambie kwamba tembe ya baba yake nimempa mtu mwingine?" Akafunika uso. "Nilidhani karatasi ya Mzungu itaoza. Sasa imemla mwanangu."

Alilia, nami nilipata kazi ya kumtuliza. Lakini kichwani nilikuwa tayari nahesabu matata yangu. Nikimsimamisha barazani aeleze haya, Mlewa atasema mama wa bwana harusi anajua kutunga. Na bwana shauri, mtu wa wino, hatakubali kitabu kiangushwe na machozi. Nilihitaji ushahidi ambao hautungwi. Usiku huo sikumweleza mama yule nitafanya nini, wala mumewe, wala Nyemo. Ukimfundisha shahidi umekwisha kumwua.

Bwana shauri akafika, baraza likakaa mbele ya nyumba ya jumbe. Padri alikuwepo. Watu walijaa mpaka kwenye miiba ya zizi. Mlewa akasema yake vizuri sana, hata mimi nikamsifu moyoni. Nikaeleza habari ya nyama, wengine wakaguna, na Mlewa akajibu palepale kama nilivyotabiri, kwamba misheni imewalegeza vijana. Nikaeleza kwamba siku ya kuandikwa, aliyejibu ni mkazamwana. Hapo wazee wakaanza kutazamana. Mlewa akasimama.

"Na aseme basi mwenyewe," akasema. "Asimame hapa atuambie alichosema."

"Hatasema chochote cha kutunga, mzee wangu," nikamwambia. "Nitataja majina ya wazee waliokaa huku zamani, naye ayarudie nyuma yangu. Hilo tu. Unakubali?"

Mlewa alikuwa mtu wa haki, lakini hakuona ninakokwenda. Akakubali. Mama yake Ndahani akaja mbele amejitanda kaniki. Nikamwambia, "Mama, rudia ninachosema." Nikataja mzee mmoja wa kijiji cha jirani, akarudia. Nikataja mwingine, akarudia. Kisha nikasema, polepole, ili kila mtu asikie:

"Masinga."

"Masinga," akasema mama, kwa sauti ileile.

Sijui niwaelezeje kilichotokea. Hakuna aliyepiga kelele. Wazee wa Kigogo waliinua vichwa vyao wote pamoja, na mwanamke mmoja nyuma akaziba mdomo kwa mkono. Jina la baba yake mkwe, au hata la mtu aliyemlea baba yake mkwe, mama yule asingeliweza kulitamka hata kwa kuchapwa. Alilitamka kama jina la jirani tu, kwa sababu lilikuwa jina la jirani tu. Mlewa alibaki mdomo wazi. Mimi sikumpa nafasi ya kuufunga.

"Chibago," nikasema.

Kimya. Mama akainamisha kichwa. Nikarudia jina, yeye akavuta kaniki mpaka machoni. Bwana shauri akapiga meza yake ya safari.

"Kwa nini anakataa kujibu?"

"Hajakataa, bwana," nikamwambia. "Amejibu. Waulize wazee hawa kama hajajibu."

Akawauliza, nami nikatafsiri. Mzee mmoja kipofu, mkubwa kuliko wote pale, akasema, "Mwambie Mzungu kwamba tumesikia sote. Mkwe wake ni huyo asiyetajika." Ndipo vigelegele vikaanza, kwanza kwa wanawake nyuma, halafu baraza zima. Askari waliokuja na bwana shauri wakashika bunduki wakidhani ni fujo, nikawapungia mkono watulie.

Mlewa aliokota fimbo yake. Nilihofu atatoka kwa hasira. Lakini akamgeukia baba yake Ndahani, akasema kwa sauti ya chini iliyosikika vizuri, "Baba yangu alimpa baba yako debe la mtama wakati wa njaa. Hilo ni kweli. Kila alipolisimulia, mtama uliongezeka. Alipofika uzeeni, alikuwa amemlea." Halafu akacheka, na baba yake Ndahani naye akacheka, na wazee wawili wale wakashikana mikono mbele ya watu. Ile hadithi haikuwa uongo. Ilikuwa imenenepa, nami siku ile nilimkumbuka Mzee Salimu na miguu yake nikatamani angekuwepo kuona.

Bwana shauri alikuwa mkali lakini hakuwa mjinga. Akasukuma kitabu kwangu akaniambia, "Sahihisha." Nilifuta jina la Masinga kwa mstari mmoja safi na juu yake nikaandika la Chibago, kwa herufi nzuri kuliko nilizowahi kuandika. Padri akasema kwa furaha kwamba ndoa itatangazwa upya Jumapili, na kwamba akitokea mwenye pingamizi safari hii aje na mkazamwana wake. Nyemo alimwendea Ndahani mbele ya wote, jambo ambalo binti wa wakati ule hakulifanya, akasimama karibu naye kwa kiburi kana kwamba nchi nzima ni yake. Nikaona machozi yananitoka, na sikuona haya.

Nimefuata nasaba nyingi baada ya hapo. Nimeshindwa mara kadhaa, na nimewakuta mababu wengi wezi wa mbuzi. Vijana wangu, andikeni. Lakini kabla hujaandika babu wa mtu, jua nani anakujibu, na jua ni neno gani hawezi kulisema mbele yako. Ukisikia kimya, usikijaze kwa jina la jirani.

Siku ile kabla watu hawajatawanyika, baba yake Ndahani, ambaye hakujua kusoma, alinijia akaniomba nimsomee lile jina jipya kitabuni. Nikasoma kwa sauti: "Tembe ya Chibago." Watu wakapiga makofi. Akaniomba nisome tena, nikasoma, wakapiga makofi zaidi. Nami kila nilipolitaja, mama yake Ndahani, aliyekuwa ameketi chini karibu na miguu yangu, alivuta kaniki usoni kwa adabu zote za mkazamwana, na chini ya ile kaniki mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.